Kwa Nini Hatukumpigia Fundi Athmani Baragumu

Vijana wangu, nasikia mmeninunia. Tangu Alhamisi ile ya Kibokoni mnapita mlangoni pangu na shikamoo ya mbio mbio, mguu mmoja hapa mwingine kule. Baraka, wewe kiongozi wao, hata hiyo shikamoo umeisahau. Haya, nuneni mpaka mashavu yapasuke, ingawa mashavu mazuri hayo mngeyaweka kwa kupulizia. Lakini mkishamaliza kununa, kaeni nami kidogo. Mimi Sidi nililitunza lile kanisa letu la Ganjoni tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Nilifagia, nilifungua milango, nilipanga viti, na kila Jumapili asubuhi nilisimama kwenye ngazi nikapiga baragumu la kuita watu ibadani. Sitaki mnione kama mtu aliyemnyima rafiki yake heshima.

Asiyekuwepo asije akapotea, kwa hivyo nasema tangu mwanzo. Fundi Athmani amefariki. Mabaragumu yote mnayoyapuliza, ya pembe za kondoo na za beberu, yametoka mikononi mwake, katika kiduka chake cha Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Alikuwa Mwislamu, sisi Wakristo, na miaka yote hiyo hatukuwahi kukosana ila kwa mzaha. Alhamisi walipombeba kwenda makaburini, nyinyi mlikuwa mmejipanga kwenye kona ya kichochoro, mmeshika mabaragumu, mkingoja jeneza lipite myapulize kwa pamoja. Mimi nikainua mkono. Nikawaambia, "Rudisheni mifukoni." Jeneza likapita, wanaume wakipokezana mabega, wakimtaja Mungu kwa sauti ya chini. Halafu Baraka akanigeukia, macho mekundu, akasema, "Mama Sidi, umetunyima kumuaga."

Neno hilo liliniingia, mwanangu. Kwa maana mkono wangu uliinuka, lakini moyo wangu ulitaka kama mlivyotaka nyinyi. Hata mimi sikujua nitamuaga vipi mzee yule.

Mwajua tulivyokutana? Kwa ajili ya kuvunja kitu cha watu. Mchungaji wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alirudi kutoka ziara ya Nchi Takatifu na kibaragumu kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Wayahudi hukiita shofari. Jumapili ile akakipuliza mbele ya washirika wote. Lo! Sauti iliyotoka siwezi kuitaja mbele ya watu wenye adabu. Wanakwaya walijificha nyuma ya vitabu vyao mabega yakitikisika. Mchungaji akakitundika ukutani, kazi yangu ikawa kukipangusa vumbi, na siku moja kikanitoka mkononi. Pa! Ufa kutoka mdomoni hadi katikati.

Nikakifunga kwenye leso, nikaenda sokoni Marikiti kuuliza ni nani mjini anayejua pembe. Muuza viungo mmoja akaniambia, nenda Kibokoni, uliza Athmani wa vitana. Ndivyo alivyojulikana, kwa sababu alikuwa akichonga vitana na vipini vya visu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, msasa mkononi, kikoi kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Akaipokea ile pembe, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Imekufa," akasema.

"Haiwezi kutiwa gundi, Fundi?"

"Kuganda itaganda. Kulia hailii. Hii si sufuria, binti yangu."

"Sasa mchungaji nimwambieje?"

"Mwambie asubiri Idi."

Nilidhani ananifukuza kwa adabu za kipwani. Kumbe alikuwa akisema kweli tupu. Pembe nzuri ya kondoo dume si kitu cha kuokota Mombasa. Kondoo wengi wanaoletwa kisiwani ni wale wa kichwa cheusi, na hao hawana pembe hata ya dawa. Basi kila Idi ya kuchinja ikikaribia, Fundi alikuwa akizunguka mitaa ya Mji wa Kale akitazama vichwa vya wanyama waliofungwa milangoni. Akimwona dume mwenye pembe za kujipinda, anabisha hodi: "Mkishachinja, kichwa msinitupie." Na watu walikuwa wakimwekea. Zile familia za kina Bakari na kina Said, wenye nyumba zile za milango mizito, walimwekea pembe huku wakijua zinakwenda kanisani. Hakuna aliyeguna.

Nilipomuuliza kama haoni shida, alicheka. "Kwani nyinyi hilo baragumu lawakumbusha nini?"

Nikamweleza nilivyofunzwa. Kwamba Ibrahimu alimpandisha mwanawe mlimani kumtoa sadaka, Mungu akamzuia, akampa kondoo aliyenaswa pembe kichakani achinjwe badala ya mtoto. Ndiyo maana pembe yapulizwa, mtu akumbuke kuwa kuna aliyekufa badala yake.

"Na sisi twachinja kwa sababu iyo iyo," akasema. "Ila mtoto ni Ismaili."

"Isaka, Fundi."

"Ismaili."

"Isaka!"

"Haya, mtoto tutabishana mpaka kiama. Kondoo ni mmoja. Nipa huo msumeno."

Ubishi huo tuliuendeleza kila mwaka. Nilikuwa nikichungulia tu dukani, kabla ya salamu, nasema, "Isaka," na yeye bila kuinua kichwa anajibu, "Ismaili. Ndoo ukae." Mkewe Bi Zuhura akawa analeta kahawa chungu na vipande vya halua.

Kwa kuwa nilikuwa nikimkalia sana, akaamua kunifunza. Pembe mbichi ina mfupa ndani, na mfupa huo hautoki kwa kuvutwa. Unachemsha, unachemsha, mpaka kinachoshikilia kilegee, halafu ushike kwa kitambaa, uzungushe, uvute. Fundi alisema niende nikajaribu mwenyewe. Nami, kwa akili zangu za siku zile, nikachukua ile sufuria kubwa ya umoja wa akina mama, nikachemshia pembe zangu jikoni pa kanisa Jumamosi nzima. Niliisugua kwa jivu na ndimu, nikainusa, nikaona iko sawa. Jumapili ikapikwa chai ya washirika. Jamani! Watu walinyanyua vikombe, wakavishusha. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa upole kama chai ile imetiwa supu. Mchungaji alikunywa yake yote kwa sababu alikuwa mtu wa huruma. Mpaka leo wale akina mama walio hai wakiniona karibu na sufuria huifunika.

Pembe ikishakauka, unapitisha kijiti cha waya ndani ujue uwazi unaishia wapi. Hapo ndipo pa kukata ncha, wala usikate kwa kukisia. Halafu unatoboa pole pole kwa keekee mpaka tundu likutane na uwazi. Ukiharakisha pembe yapasuka, na Idi nyingine ni mwakani. Nimepasua kadhaa. Fundi hakuwahi kunikemea. Alikuwa akiichukua ile iliyopasuka, anaitazama, anasema, "Hii itakuwa kitana," basi. Ndani usipake vanishi, harufu ikizidi suuza kwa siki, na msiyaache mabaragumu kwenye makabati ya kanisa bila kuyatoa juani, kwa sababu wadudu wa Mombasa hula pembe kama watu walavyo viazi karai vya pale ufukweni Mama Ngina.

Na kupuliza. Nyinyi mnapuliza kwa mashavu, ndiyo maana mwachoka. Fundi alinifunza kuweka mdomo pembeni, huku kwenye kona ya kulia, midomo imebana, pumzi itoke tumboni. Babu yake kule Lamu alikuwa mpuliza siwa, lile pembe kubwa la arusi za wakubwa, kwa hivyo hayo aliyarithi. Nami babu yangu kule Kaloleni alikuwa akipuliza gunda, pembe ya Kigiriama, kwenye ngoma. Si mwajua basi kilichotokea? Jumapili ya kwanza nilipolipiga baragumu alilonichongea Fundi, likatoka sawasawa, refu, safi, wazee wetu wa Kigiriama waliookoka zamani wakasimama. "Sidi umetuletea gunda kanisani! Ngoma tumeziacha, wazirudisha kwa mlango wa nyuma!" Nusura nifukuzwe kazi.

Mchungaji ndiye aliyenitetea. Hakugombana nao. Aliwaketisha, akawaambia kwamba pembe haina dini, dini inayo mpulizaji. Akanigeukia mimi sasa, na haya nisikilizeni vizuri kwa sababu ndiyo mali niliyo nayo. Akasema, "Sidi, kitu hiki ni cha Wayahudi. Wao hukipuliza mwaka wao mpya ukiingia, kuamsha mioyo iliyolala. Wana milio yao na taratibu zao. Sisi tumeazima. Basi tukitumie kama watu walioazima." Nikamjibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Alicheka sana, mchungaji mzima, akasema ndivyo hasa.

Tukakubaliana hivi. Lipigwe kuita watu waje mbele za Mungu. Lipigwe siku ya toba, kwa milio ya kukatika katika kama mtu anayelia, maana kuna majuto ambayo maneno hayayafikii. Lipigwe siku ya furaha, ya Pasaka, ya mavuno. Basi. Pembe ya ng'ombe hatuitumii, kwa sababu Wayahudi wenyewe huikwepa wasije wakakumbushwa yule ndama wa dhahabu waliyemwabudu jangwani. Pembe ya tandala nayo ni nzuri, ndefu, yavutia macho, lakini tandala ni mnyama wa porini na serikali ina maneno nayo. Msije mkakamatwa mkaniita mahakamani nishuhudie upako.

Eti upako! Alikuja hapa mhubiri mgeni, suti nyeupe, akawaambia watu kwamba baragumu likipulizwa juu ya kichwa cha mtu mikosi yatoroka. Watu wakapanga foleni, mama mmoja ana mtoto wa kifafa mgongoni. Nilikataa kulipuliza kwenye sikio la yule mtoto, nikamwambia mama yake amwombee na asiache dawa za hospitali. Mhubiri alikasirika. Kesho yake nikamhadithia Fundi. Aliweka msasa chini, akafikiri, akasema, "Pembe ingekuwa yaokoa, kondoo asingechinjwa nayo kichwani."

Nilicheka mpaka Bi Zuhura akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Lakini mchungaji nilipomwambia hakucheka. Akasema angetamani kulihubiri neno hilo, ila amelipata kwa mtu asiye mshirika wake. Jumapili akalihubiri.

Nyinyi nanyi msinicheke. Nani aliyekwenda mtaa wa Tudor kuizunguka ghorofa ya watu mara saba na mabaragumu, ati kuta za Yeriko, kwa sababu mpangaji mmoja hataki mkutano wa maombi? Mama mwenye kichanga ghorofa ya pili akawamwagia ndoo ya maji ya nepi. Mlirudi mnanuka mkanilalamikia. Niliwauliza, mlitaka kuta zianguke na mtoto yule ndani? Debe tupu haliachi kuvuma. Na adhana ikianza kule msikitini, mwangoja imalizike. Miaka yote nilingoja. Mungu hana haraka ya kuitiwa watu.

Sasa kuna jambo lililokuwa likinishangaza. Jumatatu zangu za mapumziko nilikuwa nikipita Kibokoni, na Fundi, baada ya ubishi wetu wa Ismaili na Isaka, alikuwa akinipa hesabu ya Jumapili. "Jana mwanzo ulikuwa mzuri. Katikati ulikohoa." Au, "Jana ulikuwa na hasira na mtu." Na kila mara, kila mara, "Mlio wa mwisho waukata, Sidi. Ule mrefu. Huuachi ukafika."

"Ni pumzi, Fundi."

"Si pumzi. Ukiona watu wameingia, wafikiri umemaliza. Mlio ungali njiani wewe washusha mkono. Uwache uishe wenyewe."

Nikawa naudhika. Nilidhani ni bawabu wetu anayempelekea habari, maana alikuwa mtu wa Kisauni mwenye mdomo. Nilimnunia bawabu wa watu miezi chungu nzima, maskini, bila kosa.

Halafu meno yakaanza kuondoka. Mwakumbuka nyinyi, mlikuwepo. Nilitiwa meno ya kubandika mbele, mazuri, meupe kuliko yangu ya asili. Sikukuu ya mavuno nikavuta pumzi, nikapiga, na meno yakatoka pamoja na mlio yakatua kwenye kapu la maembe ya sadaka. Aka! Hakuna aliyeyanunua maembe yale mnadani. Wiki iliyofuata nikampa Baraka baragumu langu, nikastaafu. Nilipokwenda kumweleza Fundi, hakusema pole. Alisema, "Na hao vijana nani atawafunza? Walia kama mbuzi aliyeona kisu."

Mwezi wa mwisho miguu ilimwishia, akawa hakai kwenye mkeka dukani, yuko kitandani. Nikiingia, "Isaka," yeye anatikisa kidole kukataa. Siku moja kidole hakikutikisika. Alhamisi ndiyo hiyo.

Baraka, nilipoinua mkono pale kwenye kona nilifikiri jambo moja tu. Baragumu ni la kuita, na walengwa ni wale wanaosikia, wala si raha ya anayepuliza. Maziko yale yalikuwa yao. Wana dua yao, wana ukimya wao, wana namna yao ya kumkabidhi mtu kwa Mola wake. Sauti yetu ingepasua ule ukimya, wanawe wangegeuka kututazama sisi badala ya kumtazama baba yao. Wangetusamehe, nina hakika, kwa sababu ni watu wa heshima. Lakini mtu hapeleki mapenzi yake matangani yakawa kazi ya wafiwa kuyasamehe.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na bado niliporudi nyumbani nililia, kwa sababu nilikuwa nimerudi na baragumu mkobani, lile la kujifunzia nililolichonga mwenyewe. Ndiyo. Msidhani nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nalo.

Siku ya tatu nikaenda kumpa pole Bi Zuhura. Amekaa eda, chumba cha ndani, wanawake wamemzunguka. Alinishika mkono akanikalisha karibu yake. Baadaye akasema, "Sidi, wajua mimi wewe nilikushuku?"

"Kunishuku nini, dada yangu?"

"Kila Jumapili asubuhi yule mzee avaa kanzu safi, ajitia mafuta, aondoka. Ati yuwaenda kununua mkate. Mkate, Ganjoni! Kibokoni hapa twaoka mikate mitaa mizima. Nikasema huyu ana mke huko. Nikamtuma mpwa wangu amfuate."

"Akamkuta wapi?"

"Nje ya kanisa lenu. Nyuma ya ukuta, pale kwenye benchi la fundi viatu. Amekaa peke yake, kichwa ameinamisha hivi, asikiza. Ukimaliza kupiga, ainuka, arudi. Miaka yote hiyo. Nilimwambia heri ungeoa nikajua moja."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka, kisha sikuweza kucheka tena. Ukuta ule! Nimesimama kwenye ngazi zile Jumapili zote za maisha yangu, na ng'ambo ya ukuta yuko mtu anayenisikiliza kwa kichwa kilichoinama, nami namnunia bawabu.

"Hata alipolala asiweze kuinuka," Bi Zuhura akasema, "alisema pembe zake hana wasiwasi nazo. Kasoro ni moja tu, Sidi yuwaukata ule wa mwisho."

Basi Jumapili hii, Baraka, ndiyo maana nilikuomba baragumu langu asubuhi, na wewe ukanipa bila kunitazama usoni. Mlidhani bibi amepata wazimu. Nilikwenda ngazini nikatoa meno yangu ya mbele, nikayafunga kwenye leso. Nikaweka pembe kwenye kona ya mdomo, huku kulia ambako magego yangu mwenyewe bado yapo, kama alivyonifunza siku ya kwanza. Sikumpigia Fundi. Niliita watu waje mbele za Mungu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya baragumu na ilikuwa saa yake. Nikapiga mlio mmoja, nikapiga wa pili. Halafu ule mrefu. Niliwaona mnaingia, nikaona viti vinajaa, mkono ukataka kushuka. Sikuushusha. Niliuacha uende, kifua kikaniuma, na mlio ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe.

Nyinyi mlikuwa mmeshaanza kuimba. Mimi nikashuka ngazi, nikatoka getini, nikazunguka ukuta mpaka kwenye benchi la fundi viatu. Nikaketi hapo, baragumu mapajani, nikangoja kidogo. Hakuna aliyenikosoa.